Ubinafsi wenye akili ni upi? Jibu kwa kijana wa Gerezani

Marahaba mdogo wangu. Swali lako nimelisoma mara tatu afu nikaliacha siku mbili kwanza nilifikirie, sababu siyo swali la kujibiwa kwa mistari miwili. Kwa faida ya wengine nalirudia kwa kifupi. Una duka la spea za pikipiki pale mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, una miaka 28, na mwezi uliopita umechangishwa mara tatu, harusi ya mtoto wa baba mdogo, arobaini ya jirani wa nyumbani na ada ya binamu, jumla laki sita na themanini, na yote ukaichomoa kwenye mtaji. Sasa hivi cheni na tairi zimeisha, mteja akija unamwambia njoo Jumatatu, na yeye anavuka barabara anaenda duka la pili. Usiku unasoma kwenye simu ukakutana na falsafa inayosema mtu aishi kwa akili yake na kwa maslahi yake mwenyewe. Rafiki yako akasema hiyo si ndo kula kwa urefu wa kamba yako tu, baba mdogo akasema huo ni ukafiri wa kizungu. Unauliza misingi yake hasa ni ipi, na je maana yake usimsaidie mtu yeyote. Na mwisho kabisa ukaweka kamstari kadogo kwamba mama mkubwa aliyekulea kule Muheza juzi kapiga simu, ukamwambia biashara imekufa, wakati haijafa.

Hako kamstari tutakarudia, maana nadhani swali lenyewe liko hapo.

Tuanze na aliyeileta. Anaitwa Ayn Rand, mwanamke, alizaliwa 1905 St. Petersburg huko Urusi, jina la kuzaliwa Alisa Rosenbaum. Baba yake alikuwa mfamasia mwenye duka lake la dawa, yakaja mapinduzi ya 1917, Wabolsheviki, yaani wakomunisti walioshika nchi, wakalichukua lile duka kwa jina la umma, na familia iliyokuwa na maisha yake ikajikuta inahangaikia chakula. Binti wakati mapinduzi yanatokea alikuwa na miaka 12. 1926 akaondoka kwenda Marekani, akawa mwandishi, riwaya mbili zilizompa jina zikatoka 1943 na 1957, baada ya hapo akahamia kwenye insha za falsafa mpaka alipofariki New York 1982. Falsafa yake akaiita Objektivizimu. Nakwambia habari ya lile duka la dawa siyo kwa ajili ya kunogesha hadithi, ni kwa sababu ukiisahau utamsoma vibaya, utadhani ni tajiri anatetea matajiri wenzie, kumbe ni mtoto aliyeona jasho la baba yake likichukuliwa na watu wanaosema ni kwa ajili ya wote.

Sisi wa hapa tuna namna yetu ya kuisikia hiyo habari. Mimi shule ya msingi nimesoma wakati ubepari ni unyama, tuliambiwa hivyo tukaitika. 1967 Azimio la Arusha, mabenki yakataifishwa, 1971 ikaja sheria ya majumba, jengo la kupangisha lenye thamani ya zaidi ya shilingi laki moja likachukuliwa na serikali, na mpaka leo ukipita Upanga na mjini kati watu wazima watakuonyesha, hili lilikuwa la Msajili wa Majumba, lile pia. Kwahiyo baba mdogo akisema ukafiri mwelewe, amekulia kwenye kipindi ambacho neno ubinafsi lilikuwa tusi, na kwa watu wengi bado ni tusi, hata mimi mkono unasita kidogo kuliandika kama kitu kizuri.

Sasa misingi. Kuna kisa anachokisimulia mwenyewe, kwamba kabla riwaya yake ya 1957 haijatoka alikuwa kwenye kikao cha wauza vitabu wa kampuni iliyomchapia, mmoja akamuuliza unaweza kutuambia falsafa yako yote ukiwa umesimama kwa mguu mmoja? Akasimama kwa mguu mmoja akasema mambo manne, uhalisia, akili, maslahi binafsi, ubepari. Watu wengi wanarukia la tatu na la nne, rafiki yako karukia la tatu, baba mdogo la nne, na ndo maana wote wawili wamekosea, sababu hayo manne yamepangwa kama ngazi, ukitoa ya chini ya juu haina pa kukaa.

Ngazi ya chini kabisa ni kwamba vitu viko jinsi vilivyo, haijalishi unataka nini au unaogopa nini. Kitu kipo, kitu ni kile kilivyo, na wewe una ufahamu wa kukitambua, hizo tatu kwake hazihitaji ushahidi sababu hata anayezipinga anazitumia hizo hizo kupinga. Inaonekana kama jambo la wazi mno, utasema nani hajui hilo? Lakini angalia tunavyoishi. Bonde la Msimbazi ni njia ya maji, masika ikija pale Jangwani maji yanapita, yamepita tangu kabla hatujazaliwa, na bado mtu anajenga akisema safari hii Mungu atasaidia. Maji hayamjui, hayamchukii wala hayamhurumii. Na wewe mtaji wako ni hivyo hivyo. Ulipotoa laki mbili na nusu ya harusi uliitoa kwa moyo mweupe, labda, lakini daftari haliangalii moyo, limepungua laki mbili na nusu. Wahenga walishasema mali bila daftari hupotea bila habari, na huo msemo ukiutafakari vizuri ni falsafa ya uhalisia tupu.

Ngazi ya pili, akili. Kama vitu viko jinsi vilivyo basi kazi yetu ni kuvijua, na njia ya kuvijua kwa Rand ni moja tu, macho na masikio yanaleta habari, akili inazipanga kwa mantiki. Alikuwa na maelezo marefu kuhusu jinsi tunavyounda dhana ambayo nayapita haraka, ila kwa ufupi anasema mtoto akiona ndala za baba, za mama na zake, anagundua zote zina umbo na matumizi yale yale ila vipimo tofauti, anaviacha vipimo anabaki na wazo moja, ndala, na kuanzia hapo kila ndala duniani anaijua hata ambayo hajawahi kuiona. Akili yetu inakua hivyo, kwa kuweka mambo elfu kwenye neno moja. Kwahiyo ukitumia neno ovyoovyo, mfano "familia" au "msaada" au hilo hilo "ubinafsi", bila kujua limebeba nini, ujue umeharibu chombo chako cha kazi.

Hapa nakaa kidogo. Rand hakusema tusiwe na hisia. Alichosema ni kwamba hisia haikuambii kitu ni cha kweli au la, hisia inatoka kwenye hukumu ulizozibeba zamani, nyingine ulizipokea bila kuzikagua. Ile aibu uliyoisikia group la WhatsApp lilipoweka majina ya waliotoa na wasiotoa, na jina lako halina tiki, ile aibu ni ya kweli kabisa, ila siyo ushahidi kwamba unadaiwa. Ni taarifa kwamba ndani yako kuna imani fulani, na imani unaweza kuikagua.

Na kuna jambo moja ambalo kwangu ndo moyo wa falsafa yake nzima, kuliko hata hilo la maslahi, na bahati nzuri vijana wa mjini mmelipa jina zuri kuliko jina lolote kwenye vitabu. Kujizima data. Rand anasema binadamu akili yake haijiwashi yenyewe kama moyo unavyodunda, kufikiri ni uamuzi, kila saa unachagua kuwasha au kuzima, na uovu wa kwanza, mama wa maovu mengine yote, siyo kutokujua. Ni kujua ukajifanya hujui. Mtu asiyejua hana kosa. Mtu anayeona afu anafumba macho makusudi, huyo ameacha kazi pekee inayomfanya awe binadamu.

Mimi hili lilinikuta. Miaka mingi nyuma nikiwa bado naanza kufundisha, mwenzangu kazini aliniomba nimdhamini mkopo. Nilikuwa najua. Nilishamwona anakopa huku analipa kule, nilishasikia simu zake, na usiku kabla ya kusaini nililala nikiwa na jiwe tumboni. Nikasaini, sababu nilitaka aendelee kunipenda na nilitaka kujiona mtu mwema. Nililipa lile deni miezi kumi na nne kutoka kwenye mshahara wangu, mke wangu akiwa mjamzito. Kwa miaka nilisimulia kile kisa kama kisa cha wema wangu na ubaya wake, mpaka nilipokaa nikakubali kwamba ile siku sikutoa wema wowote, nilijizima data, na gharama ya kujizima nikampelekea mke wangu ambaye hata hakuulizwa.

Basi ndo tunafika ngazi ya tatu, hiyo ya maslahi, na sasa inaweza kueleweka. Rand anauliza swali ambalo wengi hawaulizi. Badala ya kuuliza tufuate maadili gani, anauliza kwanini binadamu anahitaji maadili kabisa. Jibu lake, fikiria roboti isiyoweza kufa, haiharibiki, hakuna kitakachoipunguzia wala kuiongezea. Je kwake kuna kitu kizuri au kibaya? Hamna. Uzuri na ubaya vinaanza pale penye kiumbe anayeweza kufa, mwembe ukikosa maji unakauka, kwahiyo kwa mwembe maji ni mema. Mwembe hauchagui, mizizi inajishukia yenyewe. Binadamu anachagua, na chombo chake cha kuishi siyo mizizi wala makucha, ni akili. Kwahiyo kipimo cha jema na baya kwa Rand ni maisha ya binadamu, maisha anayoishi kiumbe mwenye akili, na siyo kupumua tu mpaka kesho. Maadili ni kanuni za kuishi hivyo, na wa kwanza kufaidika na maisha yako ni wewe.

Sasa rafiki yako na kamba yake. Kula kwa urefu wa kamba maana yake uko mahali, kuna mali ya watu imepita mbele yako, unachota. Kwa Rand huyo siyo mtu anayejali maslahi yake, huyo ni mtu anayejidhuru, na hapa ndo watu wanashangaa. Chukua tapeli wa zile meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii". Anaishi kwa nini? Anaishi kwa kutegemea wewe usifikiri. Siku wateja wake wote wakiamka akili huyo amekufa njaa. Kwahiyo maisha yake yote yameegemea ujinga wa wengine, lazima akumbuke uongo gani kamwambia nani, lazima aogope kila mtu mwerevu, yaani adui yake ni akili yenyewe, wakati akili ndo kitu pekee kinachomlisha binadamu. Fundi anayeshinda juani Gerezani akifungua injini anategemea injini jinsi ilivyo. Nani kati ya hao wawili yuko huru?

Ndo maana orodha yake ya tabia njema haina janja janja hata moja, kuna kutumia akili, kujitegemea, kusimamia unachoamini, ukweli, haki, kazi ya kuzalisha, na fahari, na hiyo fahari siyo majivuno ya kuonyesha gari mtandaoni, ni ile ya mtu aliyejijenga tabia mpaka anastahili kujiheshimu. Ukizitazama hizo, ukiacha hiyo ya mwisho, bibi yako asingepinga hata moja. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, nani katufundisha huo msemo, mzungu? Hata Mwalimu Nyerere kwenye andiko lake la 1962 kuhusu ujamaa alileta ule wa mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, akasema zamani kila mtu alikuwa mfanyakazi na kupe hakuvumiliwa. Mimi Mwalimu simdharau na sitaki usome falsafa hii kama fimbo ya kumpigia. Kwenye jembe yeye na Rand wamekaa karibu kuliko wafuasi wao wanavyopenda kukubali. Wanapoachana ni baada ya mavuno, kwamba yaliyotoka kwenye jembe ni ya nani.

Kuna kosa jingine la kulikwepa. Watu wanasema ah, kila mtu ni mbinafsi tu, hata anayetoa sadaka anajitafutia raha, kwahiyo hamna jipya. Rand alikataa kabisa. Kwake watu wengi hawajali maslahi yao hata kidogo, wanaishi kwa macho ya majirani, wanakopa kausha damu kununua sare ya harusi ya siku moja, wanasoma kozi aliyoitaka mjomba, wanaoa wasiyemtaka. Kujali maslahi yako kweli ni kazi ngumu, unatakiwa ujue unataka nini na kwanini, na kitakufikisha wapi miaka kumi ijayo. Anayefuata kila tamaa inayopita naye hajijali, amepelekwa tu.

Sasa kusaidia watu, swali lako la pili. Alichokipinga Rand siyo huruma. Neno analolishambulia, altruizimu, lilitengenezwa na Mfaransa Auguste Comte karne ya 19, na kwa Comte maana yake ilikuwa kali, kwamba kuishi kwa ajili ya wengine ndo wajibu wenyewe. Rand anasema hapana, maisha yako siyo deni ulilozaliwa nalo, na ya mwenzio vile vile siyo deni kwako, usijitoe kafara kwa mtu na usimtoe mtu kafara kwako. Hiyo nusu ya pili ndo inayosahaulika kila siku.

Na kafara ana maana yake maalum. Kafara ni kutoa kitu chenye thamani kubwa kwako kwa ajili ya kitu chenye thamani ndogo au kisicho na thamani kwako. Ukiuza simu yako ya milioni kumtibu mwanao, hiyo siyo kafara hata kidogo, mtoto ni zaidi ya simu mara elfu, umefanya jambo la maslahi yako makubwa kuliko yote. Ukichomoa mtaji unaowalisha wewe na huyo mtoto ukampelekea kamati ya harusi ili uwe na kadi ya dabo badala ya singo, ukae meza ya mbele ukumbini, usiku mmoja, kwa watu ambao mwaka mzima hawakujui, hapo umetoa kafara. Tofauti haiko kwenye kutoa au kutotoa, iko kwenye mizani. Tunapenda kusema kutoa ni moyo, si utajiri. Sawa kabisa, na kama ni moyo basi hautozwi kama ushuru, huwezi kuniandikia ahadi mimi nikiwa sipo afu mweka hazina akanikumbusha kila Ijumaa mbele ya watu mia mbili.

Hata mgeni usiyemjua kwenye ajali, Rand aliandika insha nzima 1963 kuhusu dharura, akasema ni sawa na ni vizuri kumsaidia kama hujihatarishi kupita kiasi, ila dharura isigeuzwe kuwa ndo kanuni ya maisha yote. Sisi tuna ndugu ambao kila mwezi ni dharura.

Kwenye ngazi ya nne sikai sana. Kama kila mtu anaishi kwa akili yake, basi uhusiano wa haki kati ya watu ni wa mapatano, kama dukani kwako, wewe unataka hela kuliko cheni, yeye anataka cheni kuliko hela, wote mnaondoka mmefaidika na wote mnasema asante. Kinachoharibu ni nguvu na utapeli, hivyo serikali kwake ina kazi ya polisi, jeshi na mahakama, basi, soko liachwe huru kabisa na hata kodi aliona kwenye jamii iliyokamilika itolewe kwa hiari. Mimi hapo simfuati. Nimefundisha watoto waliosoma kwa hela ya umma, wengine leo ni madaktari, na sioni ni mkataba gani wa hiari ungewafikia kijijini kwao. Lakini usikatae ngazi tatu kwa sababu ya ya nne, na usizikubali kwa sababu hiyo pia.

Wanafalsafa wenyewe wamemkosoa, na ni vizuri ujue wapi. David Hume tangu karne ya 18 alishauliza unatokaje kwenye "iko hivi" ukafika kwenye "inatakiwa iwe hivi", na Robert Nozick, ambaye naye alikuwa mtetezi wa soko huria, 1971 aliipitia hoja ya Rand kipande kwa kipande akaona haifungi, kwamba kutoka kwenye kusema bila uhai hakuna thamani, huwezi kuruka moja kwa moja mpaka kwamba kila mtu lazima aupe uhai wake nafasi ya kwanza. Mimi naona Nozick ana hoja, na wafuasi wa Rand wamejibu lakini jibu lao halijanitosheleza.

Lakini pengo ninaloliona mimi mtu wa Dar siyo hilo la mantiki, ni utoto. Mtu wa Rand anaingia ukurasa wa kwanza akiwa mtu mzima, ana akili na mikono. Nani kamlisha mpaka hapo? Wewe mama mkubwa alikuchukua ukiwa na miaka minne, hakukuwa na mapatano yoyote, hukuwa na cha kumpa. Ninachokiona ni kwamba hata kwa mizani ya Rand mwenyewe huyo mama siyo mzigo, ni mmoja wa watu wenye thamani kubwa kabisa kwenye maisha yako, na haki, ile iliyo kwenye orodha yake, maana yake kumpa kila mtu anachostahili kwa alichokifanya. Haki siyo ya kuwanyima wavivu tu, ni ya kuwalipa pia waliobeba. Binamu wa ada ambaye umeniambia hii ni mara ya tatu anarudia mwaka na darasani haonekani, na mama aliyeuza machungwa barabarani Muheza ili uvae viatu, ukiwaweka wote kwenye neno moja "ndugu" ukawapa majibu sawa, umefanya lile kosa la dhana nililolisema, na wewe umeona matokeo yake, binamu kapata hela na mama kapata uongo.

Msiba nao uupime tofauti. Mchango wa msiba mtaani mara nyingi ni bima, leo kwake kesho kwako, hakuna kampuni itakayokuletea turubai saa nane usiku na wamama thelathini wa kupika, na mtu anayehesabu vizuri anaona hilo. Kikoba pia ni mapatano ya wazi kabisa, kuna katiba, kuna hisa, kila mtu anajua kaweka nini. Harusi ndo unatakiwa kuiangalia moja moja, huyu ni nani kwangu, nina nini mwezi huu ambacho siyo mtaji, jibu ni kiasi gani, na kiasi kinaweza kuwa sifuri.

Tumefika kwenye kale kamstari. Umeniuliza kwa wasiwasi kama kutosaidia ni kosa kwenye falsafa hii, lakini kilichovunja msingi wake kwenye hadithi yako yote siyo hizo laki sita na themanini. Ni kumwambia mama biashara imekufa. Pale ulibadilisha uhalisia kwa mdomo ili usisikie aibu, na sasa unaishi na biashara mbili, moja iliyopo Gerezani na moja iliyokufa huko Muheza, na kila akipiga unatakiwa ukumbuke ni ipi. Ungemwambia mama duka lipo, nimekosea nimetoa mtaji kwenye michango, mwezi huu sina, mwezi ujao nikijaza mzigo nitakutumia elfu hamsini na kila mwezi hivyo hivyo, usingepungukiwa kitu. Yeye pia angejua ajipange vipi, maana naye anaishi kwa akili yake na uongo wako umemnyima cha kupangia. Nenda kampigie leo, kabla ya magharibi, usimtumie meseji. Ya baba mdogo na group yanaweza kusubiri, kule unaandika tu "mwezi huu sitaweza" bila maelezo na bila kuua biashara.

Umeuliza pia uanzie wapi kusoma. Usianze na riwaya ya 1957, ina kurasa zaidi ya elfu moja na karibu na mwisho kuna hotuba moja ndefu ambayo imewashinda watu wengi wazuri. Tafuta ule mkusanyiko wa insha wa 1964, The Virtue of Selfishness, ni kakitabu kadogo, Kiingereza chake kinasomeka, na insha ya kwanza ambayo alianza kuitoa kama mhadhara 1961 ndo yenye hiyo habari ya roboti. Soma ukiwa na kalamu, pale unapobisha andika pembeni kwanini unabisha. Ukiimaliza hiyo ya kwanza niandikie, na uniambie cheni na tairi zimerudi au bado.